Kibao cha Njia ya Juu

Habari ya kibao ilimkuta Fundi amekunja mgongo juu ya cherehani, anapitisha mshono wa pili kwenye mkoba wa turubai. Mwenyekiti wa kikundi cha waongoza wageni alipiga hodi na kuingia kabla hajakaribishwa, kama mtu aliyebeba neema na haoni sababu ya kuomba ruhusa ya kuishusha. Nyuma yake alikuja kijana wa shirika lililokifadhili kikundi, amevaa viatu vya kupandia mlima ambavyo tope lilikuwa halijawahi kuvigusa.

Mwenyekiti alieleza kwa kirefu. Shirika limekubali kugharamia kibao cha kumkumbuka marehemu. Tena si kibao cha mbao cha kuoza kwa mvua mbili, bali cha chuma, chenye picha yake na maandishi ya lugha mbili. Walichokuja kuomba ni picha nzuri na baraka ya familia, basi.

Marehemu alikuwa mume wa Fundi. Watu walimwita Mwendo, kwa jinsi alivyokuwa akiupanda mlima huku wageni nyuma wakihema na kumsihi apunguze. Sasa ulikuwa umepita mwaka na zaidi tangu alipoanguka kwenye korongo la maporomoko, na nyumba aliyoiacha ilikuwa ya wanawake watatu: mkewe, binti yake wa miaka kumi, na mama yake mzazi, ambaye nyumba nzima na nusu ya mtaa walimwita Bibi.

Bibi alikuwa mlangoni akichagua mchele. Aliposikia habari ya kibao aliweka sinia chini, akajifuta mikono kwenye nguo polepole, macho yakamjaa. Binti naye alikuwa ameshakimbilia chumbani, akarudi na picha ya ukutani, vumbi lake bado liko kwenye fremu.

Kijana wa shirika akasoma maneno yatakayoandikwa: kwamba hapa ndipo mwongoza wageni aliyependwa na wote alipoyatoa maisha yake ili kumwokoa mgeni asitumbukie korongoni. Fundi aliona midomo ya binti yake ikienda pamoja na ya msomaji. Mtoto alikuwa anayajua yale maneno, au mengine yaliyofanana nayo sana.

Fundi hakuuliza ila jambo moja. "Kitasimikwa wapi?"

"Pale pale," alisema Mwenyekiti. "Juu kwenye maporomoko. Wageni wanataka kufika penyewe, waone kwa macho."

"Njia ya juu imefungwa."

"Tutaifungua. Itaitwa Njia ya Shujaa." Alilitamka jina hilo kwa uangalifu, kama mtu anayeonja chai kujua kama sukari imekolea.

*

Kijiji chao kilikaa kwenye kipande chembamba cha ardhi, bahari mbele na mlima mgongoni, hata mtu akitaka kujenga choo alifikiria mara mbili akiweke wapi. Wageni walikuja kwa sababu hiyo hiyo. Asubuhi walikuwa msituni kwenye ukungu, jioni wameshatia miguu kwenye maji ya chumvi. Kikundi kilijijengea jina kwa kukataa. Kilikataa makundi makubwa, kilikataa takataka kubaki mlimani, kilikataa mtu kukanyaga nje ya njia. Mlima ulikuwa na njia mbili, na moja ikichoka ilipumzishwa mpaka majani yarudi. Ya juu ndiyo ilikuwa imechoka kabisa. Miguu ya wageni ilikuwa imeuvua udongo pale karibu na maporomoko mpaka mizizi ikaning'inia kama nyuzi za nguo iliyofumuka. Kikundi kikaweka kamba, na Mwendo alikuwa mmoja wa waliopiga vigingi vya hiyo kamba.

Ndiyo maana ilimwuma kueleza yaliyotokea, alipokuwa amelazwa zahanati, kiuno hakina kazi tena, anasubiri gari la kumpeleka hospitali kubwa ambalo lilifika yeye ameshaondoka. Fundi alikuwa upande mmoja wa kitanda na mdogo wake Mwendo upande wa pili. Mwendo alisema wale wageni walitaka kuona maporomoko, wakambembeleza, wakamwahidi chochote kizuri mwisho wa safari, naye akaona aah, njia naijua. Wageni walikuwa wameshakaa juu ya jiwe wanakula biskuti. Yeye alisogea pembeni awaonyeshe mahali pazuri pa kupigia picha, na ardhi ikaondoka chini ya mguu wake.

"Nimeteleza, mke wangu," alisema. "Kama mtoto." Aibu ilimzidi kuliko maumivu. Alikuwa anakwepa macho ya mdogo wake.

Siku ya mazishi Bibi alimshika yule mdogo mtu mkono akamwuliza mwenzake alikufaje. Kijana wa watu, macho mekundu, akasema kaka alikuwa anamshika mgeni asianguke. Bibi akashusha pumzi. Usiku ule alilala kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Fundi alisikia kila neno na akanyamaza, akisema moyoni mwake, mwache mama wa watu alale.

Neno lile halikubaki msibani. Lilipanda mlima pamoja na mdogo wake Mwendo, ambaye naye alikuwa mwongoza wageni, na kila liliposhuka lilikuwa limenenepa kidogo.

*

Shemeji, yule mdogo wake Mwendo, alikula kwao karibu kila jioni, kwa kuwa hakuwa na mke, na pia Bibi hakupata usingizi bila kumwona mwanawe aliyebaki amekula. Jioni ile Fundi alingoja Bibi aende kuoga na binti achukue vyombo nje.

Alimwambia taratibu kwamba njia ya juu isifunguliwe. Kama kibao lazima kiwepo, kiwekwe chini, penye ofisi ya kikundi. Shemeji alijibu kwamba wageni wanapungua. Kule mbele pwani wamefungua daraja la kamba la kupita juu ya miti, na watu wote wanakimbilia huko. Kinachowaleta bado huku ni hadithi ya kaka. Wanaifahamu kabla hawajafika, wanaiulizia wakiwa bado kwenye gari.

"Hadithi ya kaka yako unaijua vizuri," alisema Fundi. "Tulikuwa wote pale kitandani."

Shemeji aliangalia sahani yake. "Najua."

"Sasa mnataka kuwapeleka watu pale pale."

"Wataweka ngazi. Wataweka vyuma vya kushikilia."

"Hivyo vyuma watavichimbia kwenye nini? Pale hakuna udongo wa kushika hata mche wa mchicha."

Shemeji alisogeza sahani pembeni, akasema bila ukali, kama anayemwonyesha mtu kifungo kilichokatika, "Shemeji, hiyo mikoba yako. Unafikiri wananunua kwa nini?"

Fundi alijibu kwamba wananunua kwa sababu ni imara. Mikoba ile waliibeba mlimani badala ya mifuko ya plastiki, wakaweka maji na vyakula kwenda na takataka kurudi. Alikuwa akiishona mishono miwili kila upande, na pembeni anarudia.

"Ni imara, sibishi. Lakini tunawaambia imeshonwa na mjane wake. Tukisema hivyo wanachukua na ya kuwapelekea ndugu zao."

Binti aliingia na vyombo, mazungumzo yakaishia hapo. Lakini Fundi alikaa kwenye cherehani muda mrefu bila kukanyaga. Mwaka mzima alikuwa akijisifu kimyakimya kwa kazi ya mikono yake, kumbe mikononi mwa wageni alikuwa akiuza kitu kingine.

*

Siku mbili tatu baadaye alibeba mikoba iliyokwisha, akaipandisha mwenyewe hadi kwenye njia panda ambapo kikundi kilikuwa na kibanda cha kupumzikia. Alimkuta Shemeji na wageni sita mbele ya ile kamba. Alisimama nyuma ya kibanda asionekane.

Shemeji alikuwa anasema kwa lugha ya wageni, na Fundi alishika maneno machache tu. Mikono ya Shemeji ilimweleza yaliyobaki. Mkono wa kulia ulinyooka, ukakamata kitu hewani, ukakivuta kuelekea kifuani. Kisha mwili mzima ukayumba nyuma, kiganja kikafunguka. Wageni wakashika midomo yao. Shemeji akainamisha kichwa, akanyamaza kwa muda ambao Fundi aliona umepimwa, maana aliponyanyua uso macho yalikuwa makavu.

Mwanamke mmoja wa makamo alimwona Fundi na mikoba yake, akauliza, akaambiwa. Alikuja akamkumbatia kwa nguvu, akanukia dawa ya kufukuza mbu, na chozi la kweli likamdondokea Fundi begani. Wakaomba kupiga naye picha. Wakampanga katikati, mmoja akamsogeza kidogo kulia ili mlima uonekane. Fundi aliangalia mbele, mikono ameiacha inaning'inia, hajui aiweke wapi. Kwa mara ya kwanza tangu afiwe alijisikia mwizi, na kilichomchanganya ni kwamba hakujua alikuwa amemwibia nani.

Walipoondoka alipita chini ya kamba. Hakuhitaji kwenda mbali. Watu wa shirika walikuwa wameshapigilia vijiti vyenye utepe mwekundu kuonyesha ngazi zitakapopita. Aligusa kimoja kwa ncha ya vidole na kikalala chini chenyewe, kimetoka na donge la udongo uliolowa. Alikaa pale akiangalia maji yanavyoporomoka, mahali pazuri kweli, mpaka alipoanza kuelewa kwa nini mumewe alikubali.

*

Mkutano wa kupitisha jambo lile uliitishwa Jumamosi. Ijumaa mchana Fundi alimfuata Bibi nyuma ya nyumba, alikokuwa anaanika nguo yake ya kutokea. Ameifua kwa sababu ya kesho, wamemwambia atakaa mbele.

"Mama," alisema Fundi, "nina neno kuhusu mwanao."

Bibi hakugeuka. Alikuwa anainyoosha ile nguo kwenye kamba, kunjo baada ya kunjo. "Ni la namna gani?"

"La siku ile. Kabla ya mkutano ningependa ulisikie kwangu."

"Mwanangu." Bibi alimwita hivyo tangu siku alipoolewa, na hakuna siku alilitamka kwa uzito kama ile. "Kama ni habari ya kifo chake, ninayo moja tayari. Inanitosha."

"Mama, lakini—"

"Nimesema inanitosha." Akabana kibanio cha mwisho, akaingia ndani.

Fundi alibaki na lile neno mdomoni. Angeweza kulimeza. Ndivyo alivyofanya mwaka mzima, na hakuna aliyekuwa amedhurika. Binti yake alikwenda shule kichwa juu, mwalimu mkuu alimwita mtoto wa shujaa mbele ya wenzake. Mikoba ilikwenda. Mkwewe alilala. Mambo yote hayo yalikuwa mazuri na yote yalitegemea kunyamaza kwake, na yangeendelea hivyo hadi siku mtoto wa mtu mwingine atakapoletwa zahanati juu ya machela.

Jumamosi ofisi ya kikundi ilijaa mpaka dirishani. Bibi alikaa mbele na nguo yake iliyonyooka, binti miguuni pake. Kijana wa shirika alionyesha mchoro wa ngazi na wa kibao. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kuongeza, kwa ile sauti ya mtu aliyeanza kufunga daftari.

Fundi alisimama. Alisema njia ile isifunguliwe, kwa sababu ndiyo iliyomwua mumewe. Mwenyekiti alitabasamu kwa huruma, akasema tunajua, mama, ndiyo maana tunamkumbuka.

"Hamjui," alisema Fundi. "Hakumshika mgeni yeyote. Wageni walikuwa wamekaa, wanakula. Mwendo alipita kamba aliyoifunga mwenyewe, kwa sababu alibembelezwa na alikuwa na shida ya pesa. Akateleza. Aliniambia kwa mdomo wake. Nilinyamaza, na hilo ni langu. Lakini msipeleke watu pale kwa ajili ya jambo ambalo halikutokea."

Kiti kililia mahali fulani nyuma. Mwenyekiti alimgeukia Shemeji, akamwuliza, wewe ulikuwepo pale zahanati, unasemaje. Watu wote wakamtazama. Yeye alimtazama mama yake. Akasimama, akatoka nje akipenya kati ya magoti ya watu, na kila mtu aliyempisha alikuwa amepata jibu.

Bibi alimshika mjukuu wake bega, akainuka. Alipopita mbele ya Fundi alisimama kidogo.

"Mbele ya watu," alisema.

*

Njia haikufunguliwa, ingawa si kwa sababu watu walikubaliana na Fundi. Kijana wa shirika alisema suala hilo litaangaliwa upya ofisini, akakunja michoro yake, na hakuonekana tena. Hapakuwa na mtu wa kikundi aliyetaka kuwa wa kwanza kutia sahihi. Kamba ikabaki palepale kwa uzembe na kwa woga, lakini ilibaki.

Nyumbani, Bibi alihamia kwenye chumba cha mwanawe mdogo ng'ambo ya barabara. Alibeba godoro, sinia lake la mchele na ile picha ya ukutani. Fundi alimsaidia kubeba godoro. Walilishika huku na huku wakavuka barabara bila kusemezana, na majirani wakasimamisha kazi zao kutazama. Ofisi ya kikundi iliacha kuchukua mikoba. Hawakumwambia wamekataa, walimwambia tu kwamba ya zamani bado ipo. Akaanza kushona sare za shule na kutia viraka.

Kilichomwuma zaidi ni binti. Alirudi kutoka shule mdomo umevimba, hakusema nani amempiga. Kisha jioni moja, akiwa anaokota vipande vya uzi sakafuni, akauliza bila kuinua uso, "Kwa hiyo baba alikufa bure?"

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Alitafuta neno la kumpunguzia, akaona kila neno la kupunguza ni mlango ule ule ulioingiza uongo.

"Alikufa kazini," alisema. "Alikosea kazini akafa. Watu wanakosea kila siku na wanarudi nyumbani. Yeye hakurudi."

Binti aliendelea kuokota nyuzi.

Mvua kubwa zikaja mwaka huo, zile za kuzoa mawe. Kijiji kizima kilingoja mteremko wa juu ushuke. Haukushuka. Zilipokatika watu walipanda wakaangalia, wakarudi wanacheka: mlima uko vilevile, mjane alikuwa anatutisha bure. Fundi naye alikwenda kuangalia. Alipouona umesimama, kitu ndani yake kilisononeka, na alipotambua kwamba alikuwa akiuombea uanguke ili yeye aonekane mkweli, alishuka haraka na hakumsimulia mtu.

*

Shemeji alikuja kupiga hodi mwanzo wa likizo ya shule. Hakuingia. Aliongea akiwa amesimama nje, kofia mkononi, kama mgeni. Alisema ana kundi dogo kesho, na kama mama mtu haoni vibaya, anaomba kupanda na mtoto. Fundi alimwuliza binti, binti akasema atakwenda kama na mama atakwenda.

Wakapanda. Shemeji alitangulia na wageni wanne, Fundi na binti nyuma. Hawakuzungumza mengi, mlima wenyewe ulikuwa unawakata pumzi. Walipofika njia panda, mgeni mmoja, mwanamume mwenye ndevu, aliigusa ile kamba akauliza kwa nini njia hii imefungwa.

Safari hii mikono ya Shemeji ilikuwa imeshika kamba za mkoba mabegani, na haikutoka hapo. Alisema maneno machache kwa lugha ya wageni. Kisha, ingawa wageni walikuwa wameshaelewa, akageuka akayarudia kwa Kiswahili, akimtazama binti.

"Ardhi ya hapa imechoka. Kaka yangu alipita ikiwa imefungwa. Akateleza, akafa."

Binti alisogea mpaka kamba ikamgusa kifuani.

"Aliteleza wapi?"

"Pale, nyuma ya jiwe jeusi."

Alipaangalia kwa muda mrefu. Mwaka mzima na nusu alikuwa ameikariri habari ya baba yake, akaisimulia darasani, akapigwa kwa ajili yake, na katika muda wote huo hakuna mtu aliyempa nafasi ya kuuliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza.

"Iliuma?"

Shemeji alimwangalia Fundi. Fundi akaitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Iliuma," alisema Shemeji. "Iliuma sana. Alilia."

Uso wa binti ulikunjamana. Siku ya mazishi hakulia, watu walimsifu kwa hilo, wakasema amefuata ushujaa wa baba yake. Sasa alikaa chini papo hapo njiani, kwenye tope, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo aliyeachwa, na Fundi akakaa kando yake bila kumwambia anyamaze.

Shemeji aliwaambia wageni watafute mahali pa kukaa. Leo, alisema, hatuna haraka. Kisha naye akavua mkoba wake, akaja akakaa upande wa pili wa mtoto.